Wiki Sita za Kimya cha Verlene Mabry

Katika mji wetu, mtu aliyetaka jambo lake lienee kabla ya chakula cha mchana hakuhitaji gazeti. Alikwenda kwa Verlene Mabry kuoshwa nywele. Saluni ilikuwa na viti viwili, chake na changu, na kwa miaka kumi na minne niliyokikodi kile kiti cha pili sikumbuki kama niliwahi kumaliza sentensi. Verlene aliongea huku anachana, aliongea huku anabana rola, na mteja akiingizwa chini ya draya, mahali ambapo hasikii hata jina lake, Verlene alipandisha sauti akaendelea.

Hakuwa mtu wa fitina, hilo nilisemee. Ni kwamba kimya kilimwasha kama upupu. Alikuwa mwanamke mrefu, mpana, mwenye magoti mabovu na mikono myepesi kuliko yote Alabama. Mumewe aliondoka zamani, na jina lake akaondoka nalo, Verlene akarudia la baba. Binti yao alisomea uuguzi akahamia Atlanta, na mwezi uleule Verlene, akiwa na miaka arobaini na moja, alirudi chuoni kumaliza masomo aliyoyaacha akiwa msichana. Chuo chetu cha watu weusi kiko pale kilimani. Nusu ya mji inakifanyia kazi na nusu nyingine inakisengenya. Basi ikawa asubuhi darasani, mchana saluni, na vitabu vyake vya historia vikanuka mafuta ya nywele.

Hilo tulilizoea. Kisha Januari ya mwaka themanini na saba, nikiwa nimeinamia kichwa cha mtu, akaniambia kwamba ameomba tena kuingia Chama.

"Umeomba nini?"

"Umenisikia, Nadine."

"Verlene, una miaka arobaini na minne. Wale watoto wanavaa sketi ambazo wewe ungefungia kichwa."

"Sketi zinashonwa za kila saizi."

"Na magoti?"

"Magoti yatajijua."

Chama chenyewe kina jina la herufi tatu za Kigiriki, lakini mimi nitakiita Chama cha Urujuani, kwa sababu ndiyo rangi yao, na kwa sababu sitaki bibi yeyote mwenye kofia aje kunigombeza mlangoni. Unaingia ukiwa mwanafunzi na hutoki mpaka uzikwe. Mwalimu aliyekufundisha kusoma alikuwa mwanachama, muuguzi aliyekuchoma sindano alikuwa mwanachama, mke wa mchungaji pia. Wanaitana dada, mwenye miaka ishirini na mwenye miaka themanini, na wana nyumba yao nyeupe mtaa wa juu, yenye nguzo mbele na maua pembeni. Mimi sikusoma na sikuwahi kuililia ile nyumba. Verlene aliililia. Aliomba mara ya kwanza mwaka sitini na mbili, akiwa na miaka kumi na tisa, wakamjibu kwa barua ya mstari mmoja. Mji mzima ulijua sababu: domo. Yeye mwenyewe aliligeuza kichekesho akakitembeza miaka ishirini na tano. "Walipiga kura," alikuwa akisema, "wakaona nitamaliza hewa ya chumba."

Safari hii nilimbana. Nilimwambia kama ni lile ua lao la kubandika kifuani, nitamnunulia. Akaacha kuchana. Hapo nilijua jambo ni zito, maana mkono wa Verlene haukuwa na breki.

"Kuna ile chai ya kina mama," akasema. "Jumapili baada ya kuvuka, yaani ukishakuwa dada kamili. Kila dada mpya anamleta mama yake. Mkuu wa wazee anamngoja mlango wa mbele, anambandika ua, anataja jina lake watu wote wasikie. Nadine, mama yangu amefua na kupiga pasi vitambaa vya meza vya nyumba ile miaka thelathini na moja. Sijawahi kumwona akiingia kwa mbele. Nataka apite mlango wa mbele, mara moja tu, nikiwa nimesimama pale."

Bi Ludie, mama yake, alikuwa na miaka sitini na minane na mikono iliyokunjamana kwa sabuni. Hakuna aliyewahi kumkataza mlango wa mbele. Hakuna aliyewahi kumwambia karibu pia. Alizungukia mlango wa jikoni kila Jumatatu na kapu lake, akatokea hapohapo, na kwake ile ndiyo ilikuwa kazi.

Wakamkubali. Nadhani wasichana wa chuo walimtaka kwa ajili ya nywele, lakini hilo ni langu. Waliokubaliwa walikuwa tisa, na wakapangwa mstarini kwa urefu, mfupi mbele, mrefu nyuma. Verlene akawa Namba Tisa. Siku hizo mstari ulikwenda hadharani: wiki sita mnatembea pamoja kwa hatua moja, mmevaa sketi za kijivu na blauzi nyeupe, kila mmoja na chungu chake cha ua mkononi, na ua likifa mtaeleza. Kila anayeingia hupewa jina la utani na dada zake wakubwa. Wale watoto wengine wakaitwa Mvua ya Alfajiri, sijui Chozi la Nyota. Verlene akaitwa Redio Bila Betri.

Kwa sababu sheria kubwa kuliko zote ilikuwa kimya. Wiki sita huongei na mtu yeyote, mwanachama au la. Unamjibu mwalimu darasani na Dada Mkubwa anayesimamia mstari, basi. Huandiki kibarua, hunong'oni kwenye simu. Ukifanya makosa mawili, unaonywa. Kosa la tatu, unatolewa mstarini, na wenzako wote wanarudi wiki ya kwanza.

Mji ulipopata habari hiyo, watu walicheka mpaka wakakaa chini. Purvis, kinyozi wa mlango wa pili, alitangaza kwamba Verlene hatafika Jumatano bila kuongea.

Ikabaki swali la saluni. Utamsukaje mtu nywele bila kusema neno? Mwanachama aliyesimamia mstari alikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, Renita Oglesby, ambaye Verlene alianza kumchana akiwa na miaka mitano na kumpiga kichwani kwa kitana kwa kutotulia. Sasa Renita alisimama katikati ya saluni yetu, kidevu juu, akamsomea uamuzi wa kikao.

"Namba Tisa! Kazini umeruhusiwa maneno matatu. Inama. Inuka. Na inachoma, kwa sababu ya dawa ya nywele, tusije tukaunguza watu. Umeelewa?"

"Ndiyo, Dada Mkubwa Renita."

"Sauti!"

"Ndiyo, Dada Mkubwa Renita!" Na mimi nikajua, kwa jinsi Verlene alivyokikazia macho kile kichwa, kwamba amekwisha kuona nywele za Renita zinahitaji kukatwa ncha na hawezi kumwambia.

Siku ya kwanza ilipita, na ya pili. Mimi, sitaficha, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza nilisimulia kisa changu cha kuvunjika jino mwanzo hadi mwisho. Siku ya tatu mtu wa posta alileta barua na kusema, "Baridi leo," na Verlene, kabla hajajua mdomo umefunguka, akamjibu, "Na bado, subiri Februari iingie vizuri." Ilikuwa imeingia. Nyuma ya mtu wa posta alisimama mwalimu wa hesabu, mwanachama tangu mwaka arobaini na nane, amekuja kuseti nywele. Kosa la kwanza. Kesho yake wasichana wanane walisimama naye mbele ya maktaba saa nzima wakikariri majina ya waanzilishi, na Namba Moja, katoto kembamba ka miaka kumi na tisa kutoka Selma, kakatoa machozi kwa baridi. Verlene alirudi saluni uso umemshuka. Hakuona haya kwa ajili yake mwenyewe. Aliona haya kwa ajili ya kale katoto.

Kosa la pili lilitokea kanisani na lilizua mjadala. Mchungaji alipamba moto, na Verlene akasimama akapaza sauti, "Sema, mchungaji! Sema!" kama alivyofanya maisha yake yote. Kikao kikaitwa. Wengine walisema kumwitikia mchungaji ni kuongea. Wengine wakasema hapana, yule anaongea na Mungu, na Mungu hatuna sheria naye. Mke wa mchungaji, aliyekuwa mwanachama na mwenye njaa siku hiyo, akamaliza maneno: Mungu anaruhusiwa. Verlene angepona, isipokuwa alipokaa chini alimgeukia jirani akasema, "Umeiona kofia ya Earline pale mbele?" Hapo Mungu hakuwemo.

Basi makosa mawili, na wiki nne mbele yake. Wateja wakaanza kuja hata wasio na nywele za kusuka, ili wamjaribu tu. Purvis alipitisha kichwa mlangoni kila saa kama saa ya ukutani.

"Verlene! Eti kuku wako wa kukaanga anashindwa na wa Earline?"

Verlene akazidisha kasi ya kuchana.

"Wanasema Earline anamlowesha kwenye maziwa ya mgando, wewe unamtupia unga tu, mbichi mbichi."

Kitana kikavunjika meno mawili mkononi mwa Verlene. Nikamfukuza Purvis kwa ufagio.

Lakini kuna kitu sikukitegemea. Ilipofika wiki ya nne, ule mchezo ulikwisha, na wateja wakaanza kusema wao. Watu waliokuwa wakija miaka yote kusikiliza walikaa kitini, wakatazama kile kioo, wakaona hakuna anayewaingilia, na mambo yakatoka. Mmoja alisema mumewe hajamgusa tangu Pasaka iliyopita. Mwingine alisema anamwogopa mwanawe. Verlene aliwaosha tu, akawakanda kichwa kwa vidole vyake, inama, inuka, na wao wakashuka pale wamepungua mzigo. Mimi nikaanza kuikosa sauti yake. Saluni ilikuwa imegeuka kanisa la Wakatoliki, na mimi ni Mbaptisti.

Kisha ikaja Alhamisi ya wiki ya tano. Kila Alhamisi saa nne asubuhi aliingia Bi Hortense Broadnax. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, miaka sabini na sita, mgongo wima kama rula, na ndiye mkuu wa wazee wa Chama mjini kwetu. Aliongea kwa nadra na alipoongea watu walikaa vizuri. Verlene alimwosha, akamkausha, akaweka kichana cha chuma motoni. Tulikuwa watatu tu.

"Nadine," akasema Bi Broadnax, "unaweza kutupisha kidogo?"

"Nina kazi, Bi Broadnax," nikasema, nikafagia sakafu iliyokuwa safi.

Akanitazama kwenye kioo, akaona sitoki. Akashusha pumzi.

"Verlene, nimetafuta ujasiri wiki tano. Nimekuja na jambo langu leo kwa sababu huwezi kunijibu. Najua si uungwana. Lakini ukiwa na ulimi wako sitafika nusu."

Verlene akasimama na kichana mkononi.

"Mwaka sitini na mbili mwenyekiti nilikuwa mimi. Wasichana walikutaka. Wote. Walisema angalau utatuchekesha. Mimi ndiye niliyekukataa." Akajitazama kwenye kioo. "Na haikuwa mdomo wako. Watu walisema ni mdomo, nikawaacha. Wewe mwenyewe ukasema ni mdomo, ukacheka, na mimi nimekaa kwenye kiti hiki hiki miaka yote, nacheka na wewe."

Mimi nilikuwa nimeacha kufagia.

"Ilikuwa mama yako. Nilisimama mbele yao nikauliza: tutampokeaje Ludie mlango wa mbele Jumapili, wakati Jumatatu atakuja kuchukua vitambaa kwa mlango wa jikoni? Leo tumbandike ua, kesho tumkabidhi kapu la nguo chafu? Niliuliza hivyo, na mikono yote ikashuka."

Moshi ulikuwa unatoka kwenye kichana. Shingo nyembamba ya yule bibi ilikuwa wazi, nywele za kisogoni zimesimama zinangoja, na Verlene ameshika chuma cha moto. Nikasema moyoni, Bwana Yesu, leo mwalimu mkuu anabaki kipara. Nikaona midomo ya Verlene imefunguka. Miaka ishirini na tano ya kichekesho ilikuwa imekaa pale kwenye ulimi wake, na nyuma ya hicho, maneno ambayo ningelipa nauli kwenda kuyasikiliza. Neno moja tu na mstari wote unarudi mwanzo, na yeye yuko nje, na mama yake yuko jikoni milele.

Akakipoza kichana kwenye taulo.

"Inama," akasema.

Bi Broadnax akainama, na Verlene akamnyoosha kisogo chote, unywele kwa unywele, bila kumgusa ngozi. Mimi ningemchoma, nasema wazi.

Yule bibi alipotoka nilifunga mlango na kuvuta pazia. "Sasa sema! Hakuna mtu. Mimi ni ndugu yako, nitakufa na siri hiyo. Mtukane, Verlene, utapasuka!" Alikuwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, machozi yanamtiririka hadi shingoni, na hakutoa hata mguno. Akaniinulia vidole tisa, siku zilizobaki. Halafu akanionyesha kwa kichana mlango wa mbele wa saluni, ule niliokuwa nimeufunga. Nikaufungua. Nilikasirika mchana kutwa kwa niaba yake, nikamvuta kila mteja nywele.

Wakavuka Jumamosi ya mwisho wa Machi, saa sita mchana, uwanjani mbele ya ukumbi wa chuo. Mji wote ulikuja. Purvis alifunga duka. Wakatoka tisa wamevaa urujuani kwa mara ya kwanza, wanapiga miguu na makofi kwa pamoja mpaka vumbi likapanda, na magoti ya Verlene, sijui aliyaahidi nini, yakafanya kazi yake. Kisha kila mmoja akapiga hatua mbele kusema jina lake na maneno machache. Wale wanane walitumia nusu dakika kila mmoja. Ikafika zamu ya Namba Tisa.

"Haya," akasema Verlene. "Kwanza, kuku."

Dakika kumi na moja! Alianza na unga, chumvi na maziwa ya mgando, akamtaja Earline, akamtaja Purvis na upara wake ambao yeye Purvis anadhani kofia inauficha, akamwambia mtu wa posta kwamba Februari ilikuwa na baridi kama alivyosema, akamwambia Renita mbele ya watu elfu kwamba ncha zake zimekatika na aje Jumanne. Renita alijaribu kumkatiza mara tatu, akashindwa, akacheka mpaka akashika magoti. Watu walipiga kelele kama timu yetu imeshinda. Kati ya maneno yote hayo hakusema hata moja la Alhamisi ile. Alipomaliza akapita moja kwa moja hadi walipokaa wazee, akasimama mbele ya Bi Broadnax.

"Kesho saa tisa, Bi Broadnax. Mlangoni."

"Nitakuwepo," akasema yule bibi, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Kazi ya kumleta Bi Ludie nilipewa mimi, kwa kuwa Verlene alitakiwa awe ndani na dada zake. Nilimkuta kibarazani amevaa gauni la bluu la mazishi na kofia mpya aliyokuwa ameibishia wiki nzima.

"Yote haya ya nini?" akasema njiani. "Chai tu. Mimi nina chai nyumbani."

"Ni mwanao, Bi Ludie."

"Najua ni mwanangu. Nilikuwepo."

Nikaegesha gari mbele ya nyumba nyeupe. Mlango wa gari langu la upande wa abiria ulikuwa haufungi mpaka uuinue kwa mikono miwili, na mimi nikabaki nikipigana nao. Nilipogeuka, sikumwona mtu. Nikadhani ametangulia. Nikapanda ngazi. Mlangoni alisimama Bi Broadnax na ua la mwisho mkononi, yale manane yamekwisha, na nyuma yake Verlene, amenyooka, uso unang'aa, amejipanga kumpokea mama yake.

"Mama yuko wapi?"

Nikageuka tena. Njia ilikuwa tupu. Nikaona uso wa Verlene ukielewa kabla ya wangu, na sitaki kuuona tena uso ule. Akapiga hatua kwenda, lakini Bi Broadnax akamzuia kwa mkono.

"Kaa hapo," akasema. "Huyu ni wa kwangu." Akaitupa mezani orodha ya majina ya kina mama aliyokuwa ameishika, akashika fimbo yake, akapita katikati ya ukumbi kwa mwendo ambao sikujua bado anao. Nikamfuata.

Bi Ludie alikuwa jikoni. Alikuwa ameingia kwa mlango wake, ameivua kofia akaiweka juu ya friji, amejifunga aproni juu ya gauni la bluu, na ameshika kitambaa cha meza anakigeuza kwenye mwanga.

"Nani kapiga pasi hii?" akasema. "Ana ugomvi na kitambaa?"

"Ludie."

"Bi Broadnax. Maji yenu hayajachemka, watu wamejaa kule."

"Ludie, mlango si huu."

"Ndio huu," akasema Bi Ludie, na wala hakuwa na uchungu, alikuwa anamsaidia tu mtu aliyesahau. "Nimeupita miaka thelathini na moja. Naijua njia hata nikifumba macho."

Bi Broadnax akasimama pale, mtu aliyeadhibu nusu ya mji kwa kutotazamwa machoni, na akashindwa kumtazama. Akaweka fimbo. Akaenda nyuma ya Bi Ludie akaanza kufungua fundo la aproni, fundo linakataa, na mimi nikasogea kusaidia, akanitoa kwa kiwiko. Likafunguka. Akachukua kofia juu ya friji, akamvisha, akaweka pini.

"Twende."

"Tupite hapa ukumbini, si ni karibu."

"Hapana," akasema Bi Broadnax. "Tunazunguka."

Wakatoka kwa mlango wa jikoni wameshikana mikono, vibibi viwili na fimbo moja, wakapita kwenye mapipa ya taka, wakapita kamba ya kuanikia nguo, wakapita maua ya pembeni. Walichukua muda mrefu. Wageni walikuwa wamejaa madirishani na vikombe vyao. Mimi nilirudi kwa ndani nikasimama karibu na Verlene, aliyekuwa ameufunga mlango wa mbele kama ilivyotakiwa na ameshika kitasa. Kengele ikalia.

Akafungua. Kwa kuwa mkuu wa wazee alikuwa nje pamoja na mgeni, ikabidi yale maneno ya mapokezi ayaseme Verlene.

"Karibu, mama wa dada yetu. Tunaomba jina lako."

"Wee Verlene," akasema Bi Ludie. "Leo hunijui?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Verlene naye alicheka, machozi yameshafika kidevuni. "Sema tu, mama. Ndivyo inavyokwenda."

"Ludie Mae Mabry," akasema, taratibu, kama anajaza fomu.

Na Bi Broadnax, akiwa bado kwenye ngazi, akambandika ua, kisha akalitaja lile jina kwa sauti yake ya ualimu mkuu, ile iliyokuwa ikifika mwisho wa uwanja wa shule, akalitaja mara mbili. Nililia, na sioni haya kusema. Bi Ludie akasubiri mpaka walipomaliza. Akafuta viatu vyake kwenye kitambara cha mlangoni, kimoja, halafu kingine, akaingia.